Kesi Mahakamani, Muhuri Mezani

Mkazi wa Kasokola anayetaka kumdhamini ndugu yake mahakamani mjini Mpanda haendi mikono mitupu. Lazima awe na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji chake, iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Barua isiyo na muhuri hurudishwa palepale. Barua ya namna hiyohiyo huhitajika mtu anapofungua akaunti benki, anapofuatilia kitambulisho cha Taifa, anapouza kiwanja au anapotaka kuthibitisha kwamba shamba ni la marehemu baba yake. Kwa mwananchi wa kawaida, Serikali si Dodoma. Ni meza ndogo yenye kidau cha wino, daftari la mihtasari na yule aliyekalia kiti upande wa pili.

Sasa tuseme aliyeshtakiwa ni huyohuyo aliyekalia kiti. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, imekamilisha uchunguzi, mashtaka yamesomwa, mwenyekiti huyo wa kijiji au mtaa amekana, amepata dhamana na kesi imeahirishwa. Jioni anarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi yuko mezani akigonga muhuri kama kawaida. Mkulima aliyetoa maelezo kwamba aliombwa hela ndipo agawiwe eneo naye ana shida ya barua wiki hiyo. Aende kwa nani?

Kasokola ni moja ya kata 15 za Manispaa ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mpanda ni manispaa kwa jina, lakini kata za pembezoni kama hii huishi kwa jembe, na palipo na jembe ugomvi mkubwa huwa ni ardhi. Nani kapewa eneo, nani kauziwa shamba lenye mwenyewe, mchango wa ujenzi wa darasa umeishia wapi, mbona mapato na matumizi hayajasomwa. Haya ndiyo mambo yanayompeleka kiongozi mdogo mahakamani. Makala haya hayamzungumzii kiongozi yeyote wa Kasokola. Yanazungumzia swali ambalo kata kama Kasokola italazimika kulijibu siku likiifikia: kiongozi aliyechaguliwa akifunguliwa kesi ya jinai, ajiuzulu, au aendelee na kazi mpaka hukumu itoke?

Sheria za Tanzania, zikisomwa juu juu, zinampa nafuu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Ibara ya 67, inayotaja mambo yanayomwondolea mtu sifa ya kuwa mbunge, haisemi lolote kuhusu kushtakiwa. Inazungumzia aliyehukumiwa kifo, au kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Ndiyo maana Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alifungwa miezi mitano Februari 2018 kwa kesi ya kumtolea Rais lugha ya fedheha, akatoka gerezani Mei mwaka huohuo, na ubunge wake akaukuta palepale alipouacha. Kama mfungwa anaweza kubaki mbunge, mshtakiwa aliye nje kwa dhamana ataachaje kubaki mwenyekiti?

Lakini pembeni ya mwenyekiti huyo ameketi mtu mwingine: mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Huyu ni mwajiriwa na ndiye katibu wa vikao. Mtendaji akishtakiwa, hasa kwa kosa linalohusu kazi yake, mamlaka yake ya nidhamu ina uwezo wa kumsimamisha kazi wakati kesi ikiendelea, huku akilipwa angalau nusu ya mshahara. Hakuna anayesema amehukumiwa. Amekaa pembeni kupisha, na akishinda kesi hurudishiwa kazi na haki zake. Basi wawili hawa wakishtakiwa pamoja kwa hela ileile, katika hati moja ya mashtaka, mmoja anaweza kuzuiwa kugusa faili na mwenzake akaendelea kuongoza kikao kinachojadili faili hilohilo. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliajiriwa na mwingine alipigiwa kura. Hoja kwamba kura inampa mtu kinga ambayo ajira haimpi ni ngumu kuitetea. Aliyepigiwa kura ndiye aliyeaminiwa zaidi.

Historia ya nchi ina jambo la kushangaza katika suala hili. Ukichukua majina makubwa, waliojiuzulu hawakushtakiwa, na walioshtakiwa hawakujiuzulu.

Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati watuhumiwa walipoteswa, na wengine kufa, mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga mwaka 1976. Hakumgusa mtu yeyote, wala hakuna aliyempeleka mahakamani. Aliandika barua akaondoka, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendwa na watu waliokuwa chini ya wizara yake. Baadaye alitumwa Misri kuwa balozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wanaosema kujiuzulu ni kujichimbia kaburi la kisiasa hawana budi kuupitia upya mfano huu.

Edward Lowassa aliachia uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, waliondoka pamoja naye. Lowassa hakufikishwa mahakamani kwa suala hilo, na aliendelea kuwa mbunge wa Monduli hadi 2015. Wana-Mpanda wana sababu yao ya kuikumbuka wiki hiyo, kwani aliyeshika nafasi yake ni Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki, ambaye hadi siku hiyo alikuwa waziri aliyesimamia TAMISEMI, yaani mitaa na vijiji vyenyewe.

Upande wa pili yupo Basil Mramba. Novemba 2008 waziri huyu wa zamani wa fedha alipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu pamoja na Daniel Yona, kwa tuhuma za kutumia vibaya madaraka katika mkataba wa kampuni ya Alex Stewart, iliyokagua uzalishaji wa dhahabu, na msamaha wa kodi iliopewa. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, naye aliunganishwa katika kesi hiyo. Mramba alikuwa bado mbunge wa Rombo. Hakuachia jimbo. Alikwenda mahakamani na bungeni kwa zamu, na mwaka 2010 akagombea tena; wananchi wa Rombo ndio waliomtoa, wakamchagua Joseph Selasini wa CHADEMA. Hukumu ilitoka Julai 2015. Mramba na Yona walihukumiwa miaka mitatu, wakapunguziwa kwa rufaa, na mwanzoni mwa 2016 wakaonekana wakifanya usafi katika hospitali ya Palestina, Sinza, kama adhabu ya kutumikia jamii. Mgonja aliachiwa huru.

Kesi hiyo moja inatosha kumfunga mdomo kila anayetoa jibu la haraka. Anayesema mshtakiwa yeyote ajiuzulu papo hapo, amtazame Mgonja: karibu miaka saba ya kuitwa mshtakiwa, halafu mahakama ikasema hana hatia. Anayesema mshtakiwa yeyote abaki mpaka hukumu, amtazame Mramba: aliyeonekana mwishoni kuwa na hatia alikuwa amemaliza muhula wake wote wa ubunge tangu kufunguliwa kesi.

Kuna hofu nyingine, na haifai kupuuzwa. Mashtaka yanaweza kutumiwa kama fimbo. Godbless Lema, mbunge wa Arusha Mjini kupitia CHADEMA, alikamatwa Novemba 2016 kwa maneno aliyoyatoa dhidi ya Rais, akakaa mahabusu miezi minne huku dhamana ikipigwa danadana, hadi Machi 2017. Kama sheria ingesema kiongozi akishtakiwa tu kiti kiwe wazi, Arusha ingeingia kwenye uchaguzi mdogo kabla shahidi wa kwanza hajaitwa. Huko kwenye kata jambo hilo ni rahisi zaidi. Diwani akigombana na mkuu wake, au mwenyekiti kutoka chama cha upinzani akikataa kusaini mhtasari fulani, kumfungulia jalada si kazi ya kutoa jasho. Sheria inayomwondoa kiongozi kwa kushtakiwa tu ingehamisha kura ya wananchi na kuiweka mikononi mwa anayeandika hati ya mashtaka.

Kwa hiyo kuwalazimisha washtakiwa wajiuzulu ni kosa. Hata hivyo, hapo ndipo watetezi wa viongozi hupenda mjadala uishie, na hapo ndipo haupaswi kuishia. Kuna mengi kati ya kujiuzulu na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wakenya wamelipitia hili kwa gharama kubwa. Sheria yao ya makosa ya rushwa ya mwaka 2003 inasema ofisa wa umma aliyeshtakiwa asimamishwe kwa nusu mshahara, lakini ilikuwa na kifungu kilichowakinga wale ambao Katiba imeweka utaratibu wa kuwaondoa. Magavana walijificha humo. Mwaka 2019 gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, alishtakiwa kuhusu zabuni ya mafuta ya magari ya kaunti, zaidi ya shilingi milioni 80 za Kenya, iliyodaiwa kwenda kwenye kituo chake mwenyewe. Hakimu alimpa dhamana kwa sharti la kutokanyaga ofisini. Alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu. Tarehe 24 Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi alimkatalia. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba umma haunufaiki mtu anayedaiwa kuzifuja fedha za kaunti akirudi kuzisimamia fedha hizohizo, na kwamba kile kifungu cha kinga kinapingana na sura ya Katiba inayohusu uongozi na uadilifu.

Siku chache tu baadaye Ferdinand Waititu wa Kiambu alishtakiwa, naye akazuiwa kuingia ofisini. Desemba mwaka huo ikawa zamu ya Mike Sonko wa Nairobi. Hakuna aliyevuliwa ugavana na mahakama. Walibaki magavana, walichonyang'anywa ni mlango wa ofisi.

Matokeo yalitofautiana. Kiambu kulikuwa na naibu gavana, James Nyoro, kazi zikaendelea. Nairobi naibu, Polycarp Igathe, alikuwa amejiuzulu tangu Januari 2018 na Sonko hakuwa amepata mwingine, hivyo jiji likabaki bila mtu wa kusaini. Februari 2020 sehemu kubwa ya kazi za kaunti ilikabidhiwa Serikali ya Taifa, na uendeshaji ukaenda kwa mwanajeshi, Mohamed Badi. Kaunti iliyochagua viongozi wake ikajikuta ikiendeshwa na mtu ambaye hakuna aliyempigia kura. Yeyote anayetaka kiongozi akae pembeni lazima aseme nani atakaa kwenye kiti, na aseme mapema.

Kesi nazo hazikufanana mwisho wake. Lenolkulal alitiwa hatiani Agosti 2024, akahukumiwa miaka minane jela au faini. Waititu alihukumiwa Februari 2025: miaka 12 au faini ya shilingi milioni 53.5. Sonko aling'olewa na bunge la kaunti na Seneti Desemba 2020, kisha Desemba 2022 mahakama ikamwachia huru katika mojawapo ya kesi zake za rushwa. Kilichowaunganisha wote ni muda. Tangu Lenolkulal ashtakiwe hadi ahukumiwe ilipita miaka mitano, sawa na muhula mzima.

Afrika Kusini chama cha ANC kilijaribu njia ya chama badala ya sheria. Baada ya misukosuko kama ile ya Zandile Gumede, meya wa eThekwini aliyeshtakiwa Mei 2019 na kuondolewa na chama chake miezi michache baadaye, ANC ilisimamia kanuni kwamba mwanachama aliyeshtakiwa kwa rushwa au kosa kubwa akae pembeni, na mwaka 2021 katibu mkuu wake mwenyewe, Ace Magashule, alisimamishwa kwa kanuni hiyo. Tanzania njia hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa hakuna diwani wala mwenyekiti asiye na chama, na anayefukuzwa uanachama hupoteza kiti. Ila njia ya chama ina kasoro kubwa: chama humlinda wake na kumtosa asiye wake. Bukoba wanaifahamu. Mwaka 2013 madiwani wa CCM waliompinga meya wao, Anatory Amani, kuhusu miradi ya manispaa walijikuta wao ndio wanaotimuliwa na chama mkoani. Januari 2014 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyotolewa na Ludovick Utouh ilimgeuzia kibao meya, akatangaza kujiuzulu, na hata hapo mvutano haukwisha.

Rudi Kasokola. Mambo ya magavana na mameya ni makubwa kwa fedha, lakini kwa upande mmoja kesi ya mwenyekiti mdogo ni nzito zaidi. Shahidi wa kesi ya gavana anaweza kuwa mhasibu aliye na wakili, aliyehamia mji mwingine, mwenye kazi nyingine. Shahidi wa kesi ya mwenyekiti ni jirani yake. Wanachota maji kisima kimoja, wanazika pamoja, na watoto wao wako darasa moja. Mpaka wa shamba la shahidi huyo unathibitishwa na mwenyekiti. Mwanawe akikamatwa na bodaboda isiyo na leseni, barua ya dhamana inatoka kwa mwenyekiti. Hakuna haja ya vitisho. Mwenyekiti hahitaji kusema neno. Inatosha siku shahidi anapofika na shida yake aambiwe arudi kesho, na kesho aambiwe arudi Jumatatu. Hakimu mjini Mpanda hataiona hiyo. Atakachokiona ni shahidi asiyetokea, kisha upande wa mashtaka ukiomba ahirisho jingine.

Hilo ndilo linalofanya hoja ya "mpaka athibitike kuwa na hatia" isitoshe. Haki ya mshtakiwa kuhesabiwa hana hatia ni yake mbele ya mahakama, na ni haki ya kulindwa kwa nguvu zote. Haijawahi kuwa haki ya kushika muhuri wa mashahidi wake.

Wenyeviti wenyewe wanajua uzito wa muhuri huo kuliko mtu yeyote. Mwanzoni mwa 2017 Serikali ilipotaka kuwazuia wenyeviti wa mitaa kuutumia, wale wa Dar es Salaam walikuja juu kiasi cha kutishia kuachia ngazi, na TAMISEMI, chini ya waziri George Simbachawene, ikalegeza. Watu wasiolipwa mshahara, wanaoishi kwa posho isiyo ya uhakika, walikuwa tayari kuacha nafasi kuliko kubaki nayo bila muhuri. Hapo ndipo mamlaka yalipo, na hapo ndipo marekebisho yanapopaswa kugusa. Kumkata mwenyekiti nusu ya mshahara hakuna maana, maana mshahara wenyewe hana.

Inayohitajika ni sheria fupi. Kiongozi wa kuchaguliwa wa kijiji, mtaa, kata au manispaa akishtakiwa kwa rushwa, wizi au matumizi mabaya ya madaraka katika nafasi hiyohiyo, abaki na kiti chake kwa jina, lakini asiongoze kikao, asisaini fedha wala mihtasari ya ardhi, na asiguse muhuri mpaka kesi iishe. Makosa ya maneno, maandamano na siasa yasiwemo kabisa. Mifano ya Lema na Sugu inatosha kueleza kwa nini. Ajulikane mapema nani anashika nafasi: kwenye manispaa yupo naibu meya, na kijijini wajumbe wa halmashauri wamchague mmoja wao mbele ya mkutano mkuu. Na kesi iwekewe kikomo. Isipomalizika ndani ya mwaka mmoja kwa uzembe wa upande wa mashtaka, kiongozi arudi mezani. Bila kikomo hicho, kukaa pembeni kutageuka kufukuzwa kwa mlango wa nyuma, kwani kwa kasi ya kesi ya Mramba au ya Lenolkulal muhula huisha kabla hukumu haijasomwa.

Kujiuzulu kubaki kwa mtu mwenyewe. Yupo ambaye ataona, kama Mwinyi, kwamba heshima ya ofisi ni kubwa kuliko nafasi yake, ataandika barua na kuondoka. Asisukumwe, na akiondoka isichukuliwe kuwa amekiri. Yupo pia ambaye amesingiziwa kweli, na ana haki ya kubaki na jina la mwenyekiti hadi siku ya hukumu ili arudi kichwa juu. Wote wawili wanaweza kuheshimiwa na utaratibu uleule.

Wenyeviti waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana muhula hadi 2029, na Bunge halina haraka na jambo hili. Lakini wananchi hawana haja ya kulisubiri. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, ndio unaosomewa mapato na matumizi, na ndio unaoweza kumkataa mwenyekiti. Mkutano huo unaweza kuazimia leo, wakati hakuna aliyeshtakiwa na hakuna wa kuonewa, kwamba siku mwenyekiti yeyote atakapofunguliwa kesi ya mali ya kijiji, atakaa upande wa wajumbe na muhuri utafungiwa kwa mtendaji. Kama walioshtakiwa ni wote wawili, muhuri upelekwe ofisi ya kata. Azimio liandikwe kwenye mhtasari, lisainiwe, na nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa manispaa mjini.